Vidonge vya Kupunguza Jasho: Kipi Kinamfaa Nani?

Msimu wa kaskazi ukiingia, hakuna mtu wa mwambao asiyetokwa na jasho, na hilo ni neema wala si maradhi. Jasho ndilo linaloupoza mwili usizidiwe na joto. Lakini wapo miongoni mwetu ambao jasho lao halingoji kaskazi wala jua la adhuhuri. Viganja vyao hulowa hata wakati wa upepo wa kusi. Daftari la mwanafunzi hulowana akiandika mtihani, mswala hubaki na alama za maji pale mikono ilipogusa katika sijida, na mama huificha mikono ndani ya buibui pindi wageni wanapomnyoshea wake.

Wengi huliona jambo hili kuwa aibu, wakalinyamazia miaka kwa miaka. Kisheria jasho si najisi wala halitengui udhu. Kitabibu ni hali inayojulikana na yenye matibabu. Leo tunazilinganisha dawa za kumeza ambazo madaktari huwaandikia wenye tatizo hili. Tangu mwanzo tuseme wazi: kidonge bora si kile kinachokausha zaidi, bali ni kile kinachoafikiana na umri, afya na mazingira ya anayekimeza.

Kwanza tujue jasho ni la namna gani

Jasho la kupita kiasi ni la aina mbili. Aina ya kwanza haitokani na ugonjwa mwingine. Aghalabu huanza utotoni au wakati wa kubaleghe, hushika viganja, nyayo, makwapa au uso, pande zote mbili kwa usawa, na hutulia mtu akilala.

Aina ya pili ni ishara ya jambo jingine. Mtu mzima akianza ghafla kutokwa na jasho mwili mzima, au akiamka usiku shuka zimelowa, asikimbilie kidonge cha kukausha. Huenda chanzo kikawa kifua kikuu, hasa pakiwa na kikohozi na kupungua uzito. Huenda ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kushuka kwa sukari kwa mwenye kisukari, kukaribia kukoma hedhi, au dawa anazotumia, zikiwemo baadhi za kutibu sonona. Kulikausha jasho la namna hii bila kutafuta chanzo chake ni kumzima mlinzi anayepiga kelele na kumwacha mwizi ndani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hata kwa aina ya kwanza, kidonge si hatua ya mwanzo. Kwa kawaida daktari huanza na dawa ya kupaka yenye kloraidi ya aluminiamu, ipakwayo usiku juu ya ngozi iliyokauka vyema. Vidonge hufikiriwa pale dawa ya kupaka iliposhindwa, au jasho linapotoka sehemu nyingi za mwili kwa pamoja.

Vidonge vitatu vya jamii moja

Ubongo unapohisi joto au hofu, hupeleka ujumbe kwenye tezi za jasho kupitia mishipa ya fahamu, na tarishi wa ujumbe huo ni kemikali iitwayo asetilikolini. Vidonge hivi vitatu humzuia tarishi huyo asifike. Taabu ni kwamba tarishi huyohuyo hutumika pia kwenye mate, macho, utumbo na kibofu. Kwa hiyo kinachokausha kiganja hukausha na kinywa.

Oksibutinini ilijulikana kwanza kama dawa ya kibofu kisichoweza kuzuia mkojo. Madaktari huanza na kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 kwa siku, kisha hukipandisha polepole. Katika utafiti wa madaktari wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015, watu 60 katika kila 100 waliopewa dawa hii walipata nafuu, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa walionafuika walikuwa 27 katika kila 100. Kinywa kikavu kiliwasumbua 43 katika kila 100 ya walioitumia. Faida yake nyingine ni kuwa inaweza kumezwa kwa chakula au bila chakula. Kasoro yake ni kwamba hupenya hadi kwenye ubongo: huweza kuleta usingizi, na kwa wazee huweza kuleta usahaulifu na kuchanganyikiwa.

Glikopiroleti, ambayo pia huitwa glikopironiamu, hupenya kwa shida sana kwenye ubongo, na hilo ndilo linalowafanya madaktari wengine waichague. Kwa kawaida hutumiwa miligramu 1 au 2, mara moja au mbili kwa siku. Sharti lake ni tumbo tupu, kwani chakula huizuia isinyonywe vizuri mwilini. Kukauka kinywa na kufunga choo havikosekani.

Propantelini ndiyo kongwe zaidi katika matumizi haya, nayo imekuwepo tangu miaka ya 1950. Nchini Uingereza ilisajiliwa rasmi kwa kutibu jasho la kupita kiasi, wakati nyingine mbili huandikwa kwa busara ya daktari nje ya matumizi yaliyosajiliwa. Nayo haipenyi sana kwenye ubongo na hutaka tumbo tupu. Uzito wake ni ratiba: kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 15 mara tatu kwa siku, saa moja kabla ya kula, na miligramu 30 wakati wa kulala.

Vidonge vya jamii nyingine

Kwa ambaye jasho humjia kwa sababu ya hofu tu, kama vile kabla ya mahojiano ya kazi, daktari huweza kumwandikia propranololi, ambayo hutuliza moyo unaokwenda mbio. Dawa hii haimfai mwenye pumu, na kwa mwenye kisukari huweza kuficha mapigo ya moyo yanayomwonya kuwa sukari imeshuka. Klonidini nayo hutumika pengine kwa joto na jasho la wakati wa kukoma hedhi. Kwa kuwa hushusha shinikizo la damu, haifai kuachwa ghafla, kwani shinikizo huweza kupanda kwa nguvu.

Nani ajihadhari?

Vidonge vitatu vya mwanzo havimfai mwenye aina ya presha ya macho inayoziba njia ya maji ya jicho, mwenye kuziba kwa mkojo au utumbo, wala mwenye maradhi ya kulegea misuli yaitwayo miasthenia. Babu mwenye tezi dume iliyovimba na bibi aliyeanza kusahau wasipewe kidonge cha mjukuu kwa kuwa tu kimemfaa mjukuu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kwani baadhi yake hukausha vilevile na madhara hujumlika. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze bila ushauri; dawa hizi huweza kupunguza maziwa.

Kwetu pwani kuna hatari kubwa zaidi. Mwili usiotoa jasho haupoi. Anayemeza vidonge hivi akapika arusini juu ya moto wa kuni, au akacheza mpira mchana wa Februari, huweza kupanda joto hadi akaanguka. Anayehisi kizunguzungu, ngozi kavu yenye moto na kuchanganyikiwa apelekwe kivulini, amwagiwe maji, na afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Kuhusu Ramadhani, nendeni kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kinywa kikavu pamoja na kiu ya saumu ni mzigo mzito, na dawa ya mara nne kwa siku haiwezi kubanwa baina ya futari na daku kwa kukisia. Daktari huweza kubadilisha dawa, au kuisimamisha kwa utaratibu mwezi huo. Pale anaposema saumu itamdhuru mgonjwa, dini yetu imeshampa mgonjwa ruhusa.

Kabla ya kutoka kwa daktari, ulizeni mambo matatu: jasho hili lina chanzo gani, kidonge hiki kimezwe saa ngapi, na ni dalili ipi ya kunifanya niache na kurudi. Na wazazi ambao binti zao huficha mikono, waanze wao kuzungumza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.