Kabla ya kamera, mashabiki wa sumo waliwaonaje mashujaa wao?

Wasikilizaji wetu wengi mnamtambua kwa sura mchezaji mnayempenda, ingawa hamjawahi kufika uwanjani anakocheza. Picha ndiyo iliyomleta kwenu. Nchini Japani, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kazi hiyo ilifanywa na picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao.

Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulijaa mashabiki wa sumo. Katika mieleka hii, anayesukumwa nje ya duara, au anayegusa chini kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo, ameshindwa. Lakini si kila mtu aliweza kuingia. Wanawake, kwa mfano, kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kutazama mashindano makubwa. Picha, tena ya bei nafuu, iliweza kumfikia hata asiyefika ulingoni.

Picha moja ilipita mikono mingi. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga pembeni na kuacha mistari imeinuka. Mchapaji alipaka rangi, akaweka karatasi juu na kuisugua. Kwa kawaida kila rangi ilikuwa na kibao chake. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji na kuuza.

Katika miaka ya 1780, Katsukawa Shunsho na mwanafunzi wake Shun'ei walijulikana kwa kumchora kila mwanamieleka na sura yake mwenyewe, jina likiandikwa kando. Mnunuzi alijua huyu ni Tanikaze na yule ni Onogawa, wawili waliopewa pamoja heshima ya yokozuna mwaka 1789. Miaka miwili baadaye walionyesha mieleka mbele ya mtawala, shogun Tokugawa Ienari. Raiden naye, anayekumbukwa kwa kushinda mara 254 na kushindwa mara 10 tu, alichorwa pia.

Tazameni vazi la mapambo linaloning'inia kiunoni. Wanamieleka wakubwa walifadhiliwa na mabwana wa majimbo, na vazi hilo liliweza kubeba alama ya bwana. Kwa hiyo picha ilimtangaza shujaa pamoja na mfadhili wake, kama jezi za leo.

Tanikaze alifariki mwaka 1795, kamera ikiwa bado haijavumbuliwa. Tukimtambua leo, ni kwa sababu kuna mtu aliichonga sura yake kwenye ubao.