Kazi, Mchezo na Simu ya Mkononi



Mambo matatu hugawana saa za mtu: kazi, mchezo na usingizi. Zamani kila jambo lilikuwa na mahali pake. Kazi ilikuwa shambani, kiwandani au ofisini. Mchezo ulikuwa uwanjani au penye ngoma. Usingizi ulikuwa nyumbani. Siku hizi kipo chombo kimoja kidogo kinachoingia katika mambo hayo yote bila kubisha hodi. Chombo hicho ni simu ya mkononi. Wengine hukiita baraka, wengine hukiita mwizi, na mimi naona majina yote mawili yana sababu. Yafaa tukipime kwa utulivu, maana kitu kinachokaa mfukoni mwa baba, kapuni mwa mama na chini ya mto wa mtoto si kitu kidogo katika jamaa.

Chombo kilichotoka katika udongo wetu

Kwanza tujue kitu chenyewe. Simu bila betri ni kipande cha kioo tu. Mwaka 1980 mtaalamu Mmarekani, John Goodenough, pamoja na wenzake katika chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba kobalti, ikiungana na lithiamu na oksijeni, yaweza kutunza umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu za namna hiyo. Mwaka 2019 mzee Goodenough, akiwa na umri wa miaka 97, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino.

Basi kobalti yenyewe yatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani yatoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Sehemu kubwa huchimbwa kwa mashine za makampuni. Sehemu nyingine huchimbwa kwa sururu na watu wanaoshuka mashimoni kwa kamba, na mara kwa mara udongo huwafunika. Ni kweli kwamba siku hizi ziko betri nyingine, hasa za motokari, zisizotumia kobalti. Lakini simu nyingi bado zaitumia.

Tena tazameni jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika waya mkubwa wa umeme unaotoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, mpaka Kolwezi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Waya huo hupita juu ya vijiji vingi, nao umeme hauteremki. Huko chini mama bado huwasha koroboi, na kijana hulipa faranga ili simu yake itiwe umeme kwa mwenye kibao cha jua. Madini ni yetu, maji ya Inga ni yetu, jasho ni letu. Elimu ya kuviunganisha vitu hivyo ndiyo iliyokaa mbali nasi.

Kwa hiyo watu wanaposema, "Mambo ya mashine ni ya wageni," mimi sikubali. Lakini sikubali kadhalika mwanafunzi anapojiona mjuzi kwa kuwa kidole chake ni chepesi juu ya kioo. Kutumia kitu ni jambo moja, kukijua ni jambo jingine. Yule fundi anayekaa sokoni chini ya mwavuli, mwenye bisibisi nyembamba na chuma cha kulehemu, anayefungua simu iliyokufa na kuirudisha hai, huyo amekwisha kuvuka mlango wa elimu hata kama hana diploma. Mzazi asione haya mtoto wake akimfuata fundi kama huyo wakati wa likizo. Mchagua jembe si mkulima.

Faida isiyokanwa

Nisingependa kuwa kama wale wanaolaani mvua kwa sababu ya tope. Faida za simu ni nyingi. Mama muuza samaki hapigi safari tena na noti zilizofungwa katika pindo la kitambaa. Hutuma fedha kwa simu, nazo hufika kabla ya mvuke wa chungu kupoa. Sisi waalimu twakumbuka jinsi mshahara ulivyopita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono ulibakiza kidogo. Tangu 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki; na mahali pasipo benki, shirika la Caritas lilikabidhiwa kazi ya kuwafikishia waalimu fedha zao.

Habari nazo zafika. Radio Okapi ilianza kusema tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa: Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Leo mtu wa shamba aweza kuisikiliza katika simu yake huku akipalilia. Chombo kinachomletea mkulima bei ya mahindi na habari ya njia iliyofungwa, chombo hicho kimekuwa mtumishi mwema. Juu ya jambo hilo sina zaidi.

Mchezo unaojenga na mchezo unaokula

Sasa tuje kwenye mchezo. Mtu hawezi kufanya kazi tu kama punda. Mchezo ni haki ya mwili na ya roho, na nchi yetu haikukosa watu waliojua kuchezesha. Katika miaka ya 1950, huko Kasai, wamisionari walitengeneza sinema za Matamata na Pilipili, na vijiji vizima vilikusanyika usiku kucheka pamoja mbele ya kitambaa kimoja. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Jean Bosco Mwenda alipiga gitaa lake mbele ya mashine ya Hugh Tracey, na wimbo wake "Masanga" ukavuka bahari. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, waliwaanzishia wanafunzi timu ya mpira. Timu hiyo ndiyo tunayoiita leo TP Mazembe. Imeshika ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na mwaka 2010, huko Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la vilabu, ikashindwa na Inter Milan mabao 3 kwa 0.

Angalieni mambo hayo yanafanana wapi. Gitaa lilitaka vidole vijifunze. Mpira ulitaka miguu ikimbie na wenzake kumi wasikilizane. Sinema ya kijiji ilitaka majirani wakae pamoja. Mchezo wa simu mara nyingi hautaki lolote kati ya hayo. Wataka macho tu, na kila picha inapokwisha nyingine imekwisha kuja. Kutazama kidogo si dhambi. Lakini kijana aliyetazama mabao mia kwa juma moja bila kugusa mpira hata mara moja, miguu yake haikujifunza kitu.

Nayo hasara ya kutazama tu ni ndogo ikilinganishwa na jambo jingine lililoingia kwa mlango huo huo: kuchezea fedha juu ya matokeo ya mpira. Wanafunzi wakubwa huniuliza, "Mwalimu, kuna ubaya gani? Jirani yetu alitia faranga 1,000 akapata nyingi." Mimi hujibu, "Mwanangu, chukua chaki." Na tufanye hesabu hapa, kama tufanyavyo darasani.

Tuseme timu mbili zina nguvu sawa, wala hakuna sare. Basi anayetia 1,000 ana nafasi moja kati ya mbili. Kwa haki, akishinda angepaswa kupokea 2,000. Mwenye mchezo hatoi 2,000. Tuseme hutoa 1,800. Ukicheza mara kumi na kushinda mara tano, umetoa 10,000 na kupokea 9,000. Umeshinda nusu ya michezo yote, hata hivyo mfuko umepungua.

Lakini vijana hawapendi mchezo mmoja. Hupenda kufunga michezo mitano katika karatasi moja, kwa sababu fungu huonekana nono. Tuhesabu tena. Ili ushinde yote mitano, nafasi yako ni moja kati ya 32. Kwa haki ungelipwa 32,000 kwa kila 1,000. Mwenye mchezo huzidisha 1,800 yake kwa namna ile ile, na fungu lake huwa 18,900 hivi. Maana yake, wewe na wenzako mkitoa karatasi 32 za 1,000, mmetoa 32,000. Mmoja wenu hupata 18,900 na kupiga kelele mtaani, na 13,100 zimekwenda zake kimya. Kelele ya yule mmoja ndiyo inayowaleta wengine kesho. Wale 31 hawasikiki, maana nani atazungukia mtaa akitangaza kwamba amepoteza? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua watu watanijibu nini. "Mwalimu, wewe una mshahara. Kijana asiye na kazi afanye nini?" Swali hili ni la haki, na haifai kulijibu kwa kumtukana kijana. Wengi hawachezi kwa uvivu. Watafuta mlango, na huo ndio pekee uliofunguliwa mbele yao usiku na mchana. Kwa hiyo nawaonyesha mlango mwingine, ambao mama zao waujua: likelemba. Vijana kumi, kila mmoja faranga 1,000 kwa juma. Kila juma mmoja hupokea 10,000 nzima, hata faranga moja haipotei njiani. Kwa majuma thelathini kila mmoja amepokea mara tatu. 10,000 si utajiri, bila shaka. Lakini yanunua vifaranga vya kuanzia, au mbegu, au bisibisi za yule fundi wa sokoni. Tena yafundisha jambo ambalo karatasi ya bahati haifundishi: kuaminiwa na watu tisa.

Kazi isiyo na king'ora

Wazee wa Katanga wakumbuka king'ora cha Union Minière. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906, na ilipofika 1967 serikali ilichukua migodi yake. King'ora kililia asubuhi, watu wakaenda. Kililia jioni, watu wakarudi. Wengi walikichukia, na walikuwa na sababu, maana kiliwaita kama kengele iitavyo watoto. Hata hivyo king'ora kilikuwa na fadhila moja: kilisema pia kwamba kazi imekwisha. Leo kwa karani, kwa muuguzi, kwa mwalimu, nani anasema kwamba kazi imekwisha? Mkubwa wa kazi hutuma ujumbe saa nne za usiku na kutaka jibu saa hiyo hiyo. Baba yuko mezani, lakini akili yake iko ofisini.

Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 yasema kazi isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na yaamuru pumziko la kila juma, kwa kawaida siku ya Jumapili. Maoni yangu ni kwamba ujumbe unaodai jibu usiku ni kazi, hata kama hakuna anayeshika nyundo, na mkubwa mwenye haki angeungoja asubuhi. Lakini neno hili lina upande wa pili. Mwalimu anayejibu jamaa zake kwa simu huku watoto wakingoja ubaoni naye amechukua saa isiyo yake. Muuguzi anayecheka na kioo huku mgonjwa akiita, kadhalika. Tukidai jioni yetu, tulipe kwanza asubuhi ya watu. Kazi mbi si mchezo mwema, walisema wazee. Kazi hata ikiwa duni hustahili kufanywa kwa macho yote mawili.

Shauri kwa jamaa

Mwisho, nawapa wazazi mambo manne. Mwayapime wenyewe.

Kwanza, wakati wa kula simu zote zikae mahali pamoja, pamoja na ya baba. Mtoto hafuati amri ambayo baba mwenyewe aivunja.

Pili, jamaa ichague saa moja ya jioni iwe king'ora chake. Baada ya saa hiyo hakuna ujumbe wa kazi, isipokuwa kwa mgonjwa au kilio.

Tatu, kila mtoto ajifunze mchezo mmoja unaotaka mwili wake au mikono yake: mpira, gitaa, kuimba, kusuka, kuchonga.

Nne, fedha zinazoingia kwa simu na zinazotoka kwa simu ziandikwe katika daftari, mume na mke wakiona pamoja. Penye daftari lililo wazi, karatasi ya bahati haikai siku nyingi.

Nanyi wanafunzi, ombeni walimu wenu wawafundishe betri inavyofanya kazi. Jambo hili limo katika masomo ya fizikia na kemia, wala halihitaji chuo cha Ulaya. Ndimu, msumari wa zinki na kipande cha shaba vyatosha kuanza. Shaba mnayo. Wale waliounganisha kobalti na lithiamu walikuwa wanafunzi kama ninyi, na udongo walioutumia kufika Nobel hamna haja ya kuufuata mbali.