Kulisafisha Gitaa Lililokaa Ghalani

Gitaa lililotoka katika ghala la shule lisikazwe nyuzi kabla ya kuchunguzwa. Nyuzi sita za chuma, zikisha kukazwa, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Na gundi iliyopitia mvua na viangazi vingi vya hapa Songea haiaminiki. Sisi tuliwahi kuharakisha, na kijibao kishikacho nyuzi kikabanduka mbele ya wanafunzi.

Kwa hiyo mwalimu azilegeze nyuzi zote kidogo kidogo, kisha azitoe. Wanafunzi wafute vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Maji, hata kidogo, huvimbisha mbao. Unga wa mbao ukidondoka, wadudu wamo: apelekewe seremala kwanza. Nyuzi zenye kutu zisirudishwe, kwani huchubua vidole vya watoto.