Nani Kaiua Betri?

Kila majira ya baridi, jangwa linalouzunguka mji mdogo wa Quartzsite, jimboni Arizona, hugeuka kambi kubwa ya magari-nyumba. Wengi wa wanaofika ni wastaafu wanaoikimbia theluji ya kaskazini. Serikali ya Marekani imetenga hapo ardhi ya umma ambako mwenye kibali anaruhusiwa kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, lakini nguzo ya umeme ya kuchomeka gari lake hataiona. Anategemea paneli za sola juu ya paa, jenereta ndogo, na betri mbili au nne. Betri hizo zikizimika saa tisa usiku, feni ya hita inasimama, baridi inaingia hadi kitandani, na kukicha mtu yuko njiani kwenda kununua nyingine.

Dukani ataulizwa anataka ya risasi au ya lithiamu. Swali halina kosa, ila limewahi mno. Kwanza ajue ile ya zamani imekufa kwa nini. Betri nyingi za magari haya hazifi kwa uzee. Zinauawa, na muuaji mara nyingi bado yumo ndani ya gari.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake ni ileile hadi leo. Umeme ukitumika, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba. Betri ikichajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiyeyushwa mapema haina neno. Ikiachwa siku nyingi, fuwele zake hukua na kukakamaa kama magamba ya chumvi ndani ya birika, na sehemu hiyo ya bamba inakuwa haina kazi tena.

Sasa tazama jua la Januari jangwani. Mchana ni wa saa kumi tu, jua liko chini, na paneli zimelala bapa juu ya paa. Betri ya risasi hupokea asilimia 80 za kwanza kwa haraka, lakini asilimia 20 za mwisho zinataka saa kadhaa hata ukiongeza paneli, maana kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea umeme kidogo kidogo. Jua linatua haijajaa. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa. Mwenye sola ya nyumbani Lushoto anaujua mchezo huu vizuri wakati wa masika.

Kwa betri zenye vifuniko, ushahidi unapatikana kwa hidromita, bomba la kioo lenye boya ndani. Chaji kwanza, kisha vaa miwani na glovu, nyonya maji ya kila seli, usome boya limesimama wapi. Kwenye 1.265 hivi, seli imejaa, kwenye 1.190, imebaki nusu. Seli zote zikikataa kupanda hata baada ya kuchajiwa kutwa nzima, hiyo ni njaa ya muda mrefu, na salfeti imeshakakamaa. Seli moja ikiachwa mbali na wenzake, hiyo imekufa na inawavuta wengine. Ukichungulia ukakuta mabamba yako nje ya maji, hapo hakuna wa kulaumiwa ila mwenye gari.

Wakati mwingine kosa lilikuwa kwenye ununuzi. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba, yaliyotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache. Ukiitumia usiku kucha hadi ikauke, haichukui muda mrefu kuharibika. Betri ya kambi inataka mabamba manene.

Baada ya hapo, hesabu ya matumizi. Feni ya hita hula ampea 7 hivi. Ikizunguka nusu ya usiku wa saa 10, ni ampea-saa 35. Friji ya kompresa inaweza kula 40 au 50 kwa siku. Taa za LED na pampu ya maji ni makombo. Mwizi mkubwa ni invata, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi: ikiachwa wazi bila kuchomekwa kitu chochote, nyingi hula ampea 1 hadi 2, saa 24. Watu hugombana na wajukuu kuhusu taa ya chooni huku invata inakunywa ampea-saa 30 kimyakimya.

Ndipo tuje kwenye chaguo lenyewe. Wazee wa jangwani wamezoea betri za vigari vya gofu, za volti 6, mbili zikiungwa kwa mfululizo kupata 12. Aina inayojulikana sana, Trojan T-105, ina ampea-saa 225 na uzito wa kilo 28 kila moja. Zikitumiwa hadi nusu tu ili zidumu, mbili zinatoa kama 110. Betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100 zinaweza kutoa 160 na zaidi, kwa takriban nusu ya uzito huo.

Lithiamu inayofaa hapa ni ya fosfeti ya chuma, iliyotangazwa mwaka 1997 na maabara ya John Goodenough huko Texas. Fosfeti huishika oksijeni yake kwa nguvu, kwa hiyo betri hii haishiki moto kirahisi kama baadhi ya lithiamu nyingine. Jambo kubwa kwa mtu wa sola ni kwamba haidhuriki ikilala nusu. Aliyeua betri za risasi kwa njaa ya chaji, hii ndiyo dawa yake.

Lakini nayo ina masharti. Chini ya nyuzi 0 isichajiwe, kwa sababu lithiamu hujibandika kama metali juu ya grafiti ndani ya seli, na uharibifu huo haurudi nyuma. Quartzsite si tatizo sana. Mji wa Flagstaff, jimboni humohumo, mita 2,100 juu ya bahari, ni tatizo kweli, na huko tafuta yenye kipasha joto chake. Voltimita nayo haisaidii sana, maana volti hukaa palepale karibu na 13 hadi betri inakaribia kuisha. Inahitajika mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Na ile chaja ya zamani iliyokuja na gari? Nyingi hutoa volti 13.6 bila kubadilika. Hazikuwahi kuijaza vizuri betri ya risasi, inayotaka 14.4 au zaidi, na huenda ndizo zilizoiua. Lithiamu nayo itajaa kwazo kwa kujivuta. Chaja mpya iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na kifaa cha kudhibiti umeme unaotoka kwenye altaneta, kwa sababu lithiamu iliyoungwa moja kwa moja huvuta ampea nyingi hadi altaneta ikaungua.

Anayeenda kambini Ijumaa na kurudi Jumapili kwenye soketi ya nyumbani anaweza kubaki na betri zake za gofu bila aibu, ilimradi akague maji kila mwezi.