Stima ikipotea, usilale na jiko nyumbani

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu kote nchini, na sehemu nyingi zikakaa gizani hadi siku iliyofuata. Mwaka huo haukuisha kabla giza kama hilo kurejea mwezi wa Novemba na Desemba. Msomaji mpendwa, je, nyumba yako iko tayari?

Hatari ninayoiogopa zaidi ni jiko la makaa. Stima ikipotea jiko huwashwa, na kukiwa na baridi huingizwa chumbani, mlango na madirisha yakafungwa. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kwa hivyo usidhani kuwa moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, hatari imekwisha.

Ukiivuta, hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili ukakosa oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Wengi hudhani ni malaria au uchovu, wakajilaza. Aliyelala huenda asiamke tena.

Mkiona watu kadhaa nyumbani wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje nyote mara moja, kisha mwende hospitali mkatibiwe kwa oksijeni. Jiko lipikiwe nje na libaki huko. Jenereta nayo hutoa sumu hiyo hiyo, kwa hivyo iwekwe nje, mbali na madirisha.

Friji isiyofunguliwafunguliwa huhifadhi chakula kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, hadi saa 48. Nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikikaa katika friji iliyozimika kwa zaidi ya saa hizo 4, vitupe hata kama havinuki. Kuvichemsha upya hakuondoi sumu zote zilizoachwa na viini.

Mgonjwa wa kisukari asiache kudunga insulini eti kwa sababu friji imezima. Aina nyingi, chupa ikishaanza kutumiwa, hukaa salama majuma 4 hivi katika joto lisilozidi digrii 25 au 30, kulingana na maagizo ya pakiti. Iweke mahali penye kivuli na baridi. Isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika.

Mwisho, stima ikipotea chomoa pasi, friji na televisheni, uache taa moja tu. Stima hurudi ikiyumbayumba, na pasi iliyosahauliwa huweza kuteketeza nyumba watu wakiwa usingizini. Subiri taa itulie dakika chache ndipo uchomeke friji. Usiguse swichi kwa mikono yenye maji.

Waonye jamaa zako leo, hasa kuhusu jiko. Tahadhari kabla ya hatari.