Istilahi za Uchunguzi wa Sayari: Kurusha, Kutua na Kutembea

1. Utangulizi

Tarehe 18 Februari, 2021, chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance kilitua katika sayari ya Mirihi baada ya safari ya karibu miezi saba. Chombo hicho kina magurudumu sita, mkono wa kutobolea mawe, kamera na mitambo ya kupimia, na uzito wake ni karibu tani moja. Hakina dereva wala abiria. Miezi mitatu baadaye Wachina nao walitua huko na chombo chao kiitwacho Zhurong. Habari za namna hii huwafikia wananchi walio wengi kwa Kiswahili, ama redioni, ama magazetini, ama darasani, na kila zinapofika huzuka swali lile lile: je, tuyaite nini mambo haya?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza hatua za safari ya chombo cha namna hiyo, na kuonyesha katika kila hatua ni neno gani lifaalo na ni lipi lipotoshalo. Mifano mingi imechukuliwa Mkoa wa Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu istilahi ya sayansi hupimwa vizuri zaidi mbele ya mwanafunzi aliye mbali na maktaba kubwa. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, na afikapo kidato cha kwanza hukutana na mambo hayo hayo kwa Kiingereza. Ikiwa neno alilopewa Bunda lilikuwa na maana iliyopinda, atabeba upindaji huo hadi sekondari, na huko hatapata mtu wa kuunyoosha.

2. Kurusha, kufyatua na kuzindua

Kiingereza hutumia neno moja kwa kutoa kitabu kipya mbele ya wageni, kwa kushusha meli majini na kwa kupeleka roketi angani. Mfasiri mwenye haraka hukimbilia "kuzindua" kwa yote matatu, na ndipo tusomapo kwamba roketi "imezinduliwa". Kuzindua asili yake ni kumwamsha aliyelala au kumtoa mtu katika bumbuazi. Kwa kupanuka kwa maana, neno hili sasa hutumika kwa sherehe ya kuanzisha jambo. Waziri huzindua mradi wa maji wa Butiama kwa kukata utepe. Mwanafunzi akiambiwa kwamba roketi imezinduliwa, anayo haki ya kudhani kwamba imekatiwa utepe na bado ipo pale pale.

Neno lifaalo ni kurusha. Linaeleza tendo lenyewe: kitu kilikuwa chini, nguvu imetumika, sasa ki hewani. Kufyatua tuliache kwa silaha, kwani hubeba picha ya mtego na bunduki. Mahali pa kurushia paitwe kituo cha kurushia roketi.

Wasemaji wa Kiswahili si wageni wa tendo hili. Tarehe 12 Desemba, 1970, kutoka katika jukwaa la San Marco lililojengwa baharini karibu na Malindi, Kenya, Wataliano walirusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilipewa jina la Uhuru, na kwa jina hilo la Kiswahili inajulikana mpaka leo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Malindi ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi irushwayo upande huo huongezewa mwendo huo bila gharama. Musoma iko karibu zaidi na ikweta kuliko Malindi. Lakini Malindi ina bahari upande wa mashariki ya kupokea mabaki ya roketi yaangukayo, hali mashariki ya Musoma kuna vijiji na mbuga ya Serengeti.

3. Kutua

Kutua ni neno tulilo nalo tangu zamani: ndege wa porini hutua, eropleni hutua, na mchukuzi hutua mzigo. Halina haja ya kubadilishwa. Linalohitaji uangalifu ni maneno yaliyo kando yake. Chombo huingia katika anga ya Mirihi kikienda karibu kilomita 20,000 kwa saa, na hakina budi kusimama ardhini baada ya dakika kama saba. Kwanza hukingwa na ngao ya joto, kisha hufunguliwa mwavuli, kisha injini ndogo huwashwa ili kupunguza mwendo uliosalia. Mwavuli peke yake hautoshi, maana angahewa ya Mirihi ni nyembamba mno. Kanieneo yake haifiki hata asilimia moja ya ile ya dunia yetu. Hapa ndipo faida ya neno angahewa ionekanapo. Anga ni eneo lote lililo juu yetu. Angahewa ni tabaka la hewa linaloifunika sayari. Mwandishi akiyachanganya maneno haya mawili, maelezo ya mwavuli hayafahamiki.

Vivyo hivyo, mwalimu atofautishe ardhi na dunia. Chombo hutua katika ardhi ya Mirihi. Dunia ni jina la sayari yetu, na Mirihi haina dunia.

4. Kuchunguza si kupeleleza

Wako wanaoviita vyombo hivi "vya upelelezi". Kupeleleza katika matumizi ya sasa ni kazi ya polisi na ya majasusi. Mpelelezi hutafuta siri ya mtu asiyetaka ijulikane. Kosa hili si dogo. Mtumishi wa serikali akitafsiri taarifa ya setilaiti inayopiga picha za maji ya Ziwa Viktoria, kisha akaandika kwamba ni "setilaiti ya upelelezi", wavuvi wa Musoma watakuwa na sababu ya kuuliza ni nani anayepelelezwa. Kazi ya kutazama kwa makini, kupima na kulinganisha ni kuchunguza. Kuvumbua nalo ni neno la tokeo: mtu huchunguza kwa miaka mingi, na pengine asivumbue kitu.

5. Chombo chenyewe tukiiteje?

Hili ndilo swali gumu zaidi. Neno la Kiingereza asili yake ni mtu atembeaye huku na huko bila makao. Warusi, ambao mwezi wa Novemba 1970 walikuwa wa kwanza kuendesha chombo cha namna hii nje ya dunia, walikiita Lunokhod, yaani kiendacho mwezini. Kwa Kiswahili yamependekezwa au yanatumika maneno yafuatayo:

(a) Gari la sayari. Neno gari linajulikana na kila mtu, lakini huleta picha ya dereva na abiria. Wengine huongeza "linaloongozwa kwa mbali", na nyongeza hiyo ni kweli nusu tu. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kwa kadiri sayari hizi mbili zinavyokaribiana au kuachana. Aliye duniani akiona jiwe katika picha, chombo kimekwisha kulifikia. Kwa hiyo maagizo ya kazi hupelekwa kwa mafungu, na chombo chenyewe huamua njia ya kuepa mawe.

(b) Roboti. Hili ni neno la Kicheki, lililoenezwa na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na asili yake ni kazi ya kulazimishwa. Limekwisha kuzoeleka na lafaa kubaki, ila ni jina la jumla. Mtambo wa kiwandani usiosogea nao ni roboti. Tena lina tatizo la upatanisho wa kisarufi: wengine husema roboti ametua, wengine roboti imetua. Kwa kuwa si kiumbe hai, twapendekeza roboti imetua.

(c) Kizururaji. Kwa tafsiri ya moja kwa moja lingekaribia, lakini katika Tanzania neno hili limeharibika. Tangu kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mzururaji ni mtu asiye na kazi anayestahili kukamatwa. Chombo kifanyacho kazi kila siku kisipewe jina hilo.

(d) Kitembezi. Limetokana na kutembea, kama mtembezi, likawekwa katika ngeli ya vitu. Ni fupi, upatanisho wake hauna mashaka (kitembezi kimetua, vitembezi vimetua), na halidai dereva.

Sisi tunaegemea kitembezi, na pale penye haja ya ufafanuzi, kitembezi cha sayari. Linapatana pia na neno sayari lenyewe, lililotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda. Katika Kiarabu cha siku hizi neno la mzizi huo huo ni motokaa. Wahenga walizipa sayari jina hilo kwa sababu waliziona zikihama miongoni mwa nyota zisizohama.

Mwendo wa vitembezi ni wa polepole sana. Opportunity, kilichotua Mirihi Januari 2004 kwa kazi iliyokusudiwa kuchukua siku 90, kilidumu mpaka Juni 2018, na katika miaka hiyo 14 kilikwenda kilomita 45 na kitu. Huo ni takriban mwendo wa basi kutoka Musoma hadi Butiama.

6. Ziwa, mto na tope

Perseverance kilitua katika kasoko iitwayo Jezero, yenye upana wa kilomita 45. Jina hilo ni la mji mmoja wa Bosnia, na katika lugha kadhaa za Kislavoni maana yake ni ziwa. Wataalamu walipachagua kwa sababu zamani sana mto uliingia humo na kuacha delta. Mwalimu wa Musoma anaweza kulieleza jambo hili bila picha. Mto Mara ukaribiapo ziwa hupunguza mwendo, hutawanyika katika vinamasi, na tope lake hutuama. Tope hufunika na kuhifadhi vilivyokuwa hai. Ikiwa Mirihi iliwahi kuwa na viumbe wadogo kabisa, alama zao huenda zikapatikana penye tope la namna hiyo lililogeuka jiwe. Tahadhari moja tu: kasoko za volkano, ambazo wanafunzi wetu wamezizoea, ni tofauti na hii iliyochimbwa na kimondo. Kwa hiyo tuseme kasoko ya kimondo.

7. Muhtasari wa istilahi zinazopendekezwa

Kurusha: kupeleka roketi au chombo angani.
Angahewa: tabaka la hewa lizungukalo sayari.
Ngao ya joto: kinga ya chombo kinapoingia katika angahewa.
Kuchunguza: kutazama, kupima na kulinganisha kwa makini.
Kitembezi: roboti iendayo juu ya ardhi ya sayari au mwezi.
Siku ya Mirihi: muda wa saa 24 na karibu dakika 40.
Kasoko ya kimondo: shimo kubwa lililofanywa na kimondo.

8. Hitimisho

Mwalimu Julius K. Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuunda neno jipya kwa ajili ya wafanyabiashara wale. Alichukua neno lililokuwa vinywani mwa watu na kulibebesha uzito aliotaka. Njia hiyo ndiyo ya kwanza kwetu pia. Tuishiwapo ndipo tugeukie lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha za kigeni.

Istilahi hizi ni mapendekezo, na bado hazijasanifiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 ili kazi ya namna hii isifanywe na kila mtu peke yake, wala isifanywe ofisini bila watumiaji. Kwa hiyo tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayajaribu katika taarifa zao. Wasemaji wa Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu na Kikurya tunawaomba jambo moja zaidi: ikiwa lugha zenu zina jina la mtu atumwaye mbele kuitazama nchi kabla wenzake hawajahamia, tuleteeni. Huenda likakishinda kitembezi.