Mwili wa Mgonjwa wa Akili na Nguvu za Muuguzi Wake

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili, kama vile skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushika imani zisizo na msingi, hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na kwamba vifo vingi kati ya hivyo hutokana na maradhi ya mwili yanayozuilika. Hospitali ya Mirembe, inayotibu magonjwa ya akili, iko mbali, Dodoma. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Litembo milimani hadi Liuli na Mbamba Bay, huwategemea wauguzi wanaohudumia magonjwa ya kila aina.

Hatari ya kwanza kwa mwili wa mgonjwa ni kuihesabu kila dalili kuwa ya akili. Malaria inayofika kwenye ubongo humfanya mtu aweweseke na kupigana, na sukari ikishuka mno huleta hali kama hiyo. Ndiyo maana muuguzi makini hupima malaria, sukari, joto na shinikizo la damu hata kwa mgonjwa anayejulikana kijijini kuwa na ugonjwa wa akili.

Hatari ya pili hutoka kwenye dawa zenyewe. Klopromazini hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, na hufanya ngozi iungue upesi juani, mambo yanayomgusa moja kwa moja mkulima wa kabila la Wamatengo ashindaye akiinama na kuinuka kwenye ngoro, yaani mashimo ya kilimo cha miteremkoni. Haloperidoli hukakamaza misuli, ilhali olanzapini huongeza uzito na sukari, hivyo uzito na kiuno vipimwe kabla ya dawa kuanza na mara kwa mara baadaye. Kwa kuwa kifafa nacho hutibiwa katika kliniki za magonjwa ya akili, mvuvi wa usipa, samaki wadogo wa ziwani, mwenye kifafa aelezwe kwamba kuacha fenobabitoni ghafla huweza kuleta degedege mfululizo, na asiingie ziwani peke yake.

Kazi hii yote humtaka muuguzi aliye mzima. Toleo la 11 la Mwainisho wa Kimataifa wa Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, linautaja uchovu sugu wa kazi, si kama ugonjwa, bali kama hali yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kifikra na kupungua kwa ufanisi. Muuguzi aliyefikia kujitenga humpa mgonjwa sindano yake ya dawa ya kila mwezi bila kumpima uzito wala kumuuliza kuhusu dalili za mwili kama kikohozi. Kwa hiyo zamu zinazoruhusu mapumziko, mwenzake wa kumsaidia mgonjwa anapofanya vurugu, na mazungumzo na msimamizi baada ya tukio hilo, havistahili kuhesabiwa kuwa hisani kwa mtumishi, bali viingizwe katika mpango wa tiba pamoja na dawa na mizani.